Iboga: mzizi unaotuliza arosto na kuvuruga mapigo ya moyo

Katika misitu ya Gabon, mtu anayewaongoza wengine katika ibada ya Bwiti huitwa nganga. Msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani hapo, kwa sababu neno hilo na mganga wetu ni ndugu wa tumbo moja katika lugha za Kibantu, na kazi yake pia si ngeni kwetu: anaijua mizizi, anazijua nyimbo, anajua nani apewe nini na nani asipewe. Mzizi anaoushika nganga wa Bwiti ni wa iboga, mti mdogo wa kivulini ambao wanabotania wanauita Tabernanthe iboga, wenye matunda ya rangi ya chungwa na magome ya mizizi machungu kiasi cha kuutia ulimi ganzi. Ndani ya magome hayo mna alkaloidi kadhaa, yaani kemikali za mimea zenye nguvu mwilini, na iliyo maarufu kuliko zote ni ibogaini.

Kwa zaidi ya miaka sitini ibogaini imekuwa ikizungumzwa mbali na Gabon kwa sababu ya dai moja: kwamba mraibu wa heroini akiinywa mara moja tu, arosto hupungua au hutoweka, na hamu ya kurudi kwenye unga hukaa kimya kwa siku au majuma kadhaa. Aliyewahi kuishi na mraibu nyumbani, iwe Tanga, Mombasa au Unguja, hahitaji kuelezwa uzito wa dai hilo. Arosto ni mifupa inayouma, tumbo linaloharisha, jasho la baridi na usingizi unaokimbia usiku baada ya usiku, nayo ndiyo inayowarudisha wengi maskani hata baada ya kuapa mbele ya mama zao. Familia iliyofika hapo iko tayari kuamini chochote, na ikiambiwa kwamba dawa yenyewe ni mzizi wa Kiafrika, wa asili, usiochanganywa na kitu, huamini upesi zaidi. Hapo ndipo ninapotaka tusimame, maana katika dai hilo kuna ukweli mwingi na kuna vifo, na vyote viwili vinatoka katika molekuli ileile.

Neno "asili" halitusaidii kuamua lolote. Utomvu wa mpopi ni wa asili, nao ndio chanzo cha mofini inayompa mgonjwa wa saratani usiku mmoja wa kulala, na ndio chanzo cha heroini vilevile. Mnanaha unaoota kando ya majalala una atropini na ndugu zake. Daktari huitumia atropini kuuamsha moyo unaopiga polepole mno, ilhali mtu aliyetafuna mbegu zenyewe anaweza kupagawa, kupandwa na joto na kufa. Mmea hautengenezi kemikali hizi kwa ajili yetu. Kwa kiasi kikubwa huzitengeneza ili wadudu na wanyama wasiutafune, na zinapoingia katika mwili wa binadamu hukutana na mishipa ya fahamu, ini na moyo, kila kimoja kikiwa na hesabu yake.

Wenyeji wa Gabon waliijua iboga muda mrefu kabla ya maabara, na simulizi nyingi za huko zinasema walioigundua ni Wabongo, watu wa msituni, ambao baadaye waliwafundisha majirani zao kama Wamitsogo, Waapindji na Wafang. Wawindaji walitafuna kiasi kidogo ili wakae macho usiku kucha bila njaa wala uchovu. Kiasi kikubwa kilitengwa kwa ajili ya mwari wa Bwiti, ambaye hulishwa magome yaliyosagwa kidogo kidogo huku kinubi cha ngombi kikipigwa, wazee wakiimba na mlezi wake akikaa ubavuni. Mwari hutapika, hulegea viungo, hulala chini akiwa hawezi kutembea, kisha huanza kuona: wazee waliokufa, njia, maisha yake mwenyewe yakipita mbele yake. Hali hiyo inaweza kuendelea kwa zaidi ya siku nzima. Hakuna anayefanya hivyo peke yake chumbani. Kuna watu wanaomtazama anavyopumua, kuna anayeamua kwamba amekula vya kutosha, na kuna jamii inayompokea asubuhi akiwa mtu mwenye jina na majukumu mapya. Sisemi kwamba utaratibu huo unaondoa hatari zote, kwa kuwa nganga hodari kuliko wote hawezi kuuona umeme wa moyo kwa macho yake, lakini nasisitiza kwamba iboga haikuzaliwa ikiwa kidonge cha kununua na kumeza.

Kidonge kilikuja na Wafaransa. Mwaka 1901 wanakemia wa Ufaransa waliitenga ibogaini kutoka katika mizizi, na kuanzia miaka ya 1930 mwishoni hadi karibu 1970 maduka ya dawa ya Ufaransa yaliuza vidonge vilivyoitwa Lambarène, kwa jina la mji wa Gabon, vikiwa na miligramu chache tu za dawa hiyo. Vilipewa watu waliochoka, walioshuka moyo au waliokuwa wakipata nafuu baada ya ugonjwa. Uhusiano na heroini ulipatikana kwa bahati. Mwaka 1962 kijana wa New York aitwaye Howard Lotsof, aliyekuwa na umri wa miaka 19 na mraibu wa heroini, alimeza ibogaini akitafuta ulevi mpya. Ilipokwisha nguvu, zaidi ya saa thelathini baadaye, alitambua kwamba hakuwa na arosto na hakuwa na hamu ya kwenda kutafuta unga. Baadhi ya marafiki zake waliokuwa waraibu walisimulia jambo hilohilo. Lotsof alitumia sehemu kubwa ya maisha yake, hadi alipofariki mwaka 2010, akijaribu kuwashawishi wanasayansi na serikali waichunguze dawa hiyo, na mwaka 1985 alipata hataza ya Marekani ya kuitumia katika kutibu uraibu wa afyuni na jamii yake.

Namna inavyofanya kazi bado haijafumuliwa yote. Methadoni, ambayo ni dawa inayotumika sana katika tiba ya uraibu wa heroini, hukalia vipokezi vilevile vya ubongo ambavyo heroini huvikalia, ila polepole na kwa muda mrefu, hivyo mwili haupandi wala haushuki ghafla. Ibogaini haifuati njia hiyo moja. Inagusa vipokezi vya aina nyingi kwa pamoja, ikiwemo mifumo ya serotonini na glutamati, kemikali zinazopeleka ujumbe ndani ya ubongo, kisha ini huigeuza kuwa noribogaini, ambayo hubaki mwilini kwa siku kadhaa. Watafiti wengi wanaamini noribogaini hiyo ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya utulivu unaofuata baada ya maono kwisha. Kuna wanaoamini kwamba maono yenyewe ni tiba, kwa kuwa mtu huyatazama maisha yake bila kuyakimbia. Mimi naona hoja zote mbili zinaweza kuwa kweli kwa viwango tofauti, na utafiti uliopo hautoshi kuzitenganisha.

Ushahidi wa manufaa upo, lakini ni mwembamba, na ni vizuri kuuona ulivyo. Uchunguzi uliofanywa kwa waraibu 30 waliotibiwa Mexico na kuchapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba mwezi mmoja baada ya tiba nusu yao walisema hawakuwa wamegusa afyuni wala dawa za jamii yake katika siku hizo 30. Kwa ugonjwa unaorudi haraka kama huu, nusu si haba. Uchunguzi mwingine wa New Zealand, nchi ambayo tangu mwaka 2009 inamruhusu daktari kuiandika ibogaini, uliwafuatilia watu 14 kwa mwaka mzima na ukaona nafuu ya maana kwa waliofuatiliwa hadi mwisho. Mmoja kati ya wale 14 alikufa wakati wa tiba. Nimeziweka habari hizi mbili pamoja kwa makusudi, kwa kuwa wanaoitangaza ibogaini mara nyingi hutaja ya kwanza na kuiruka ya pili. Katika chunguzi zote mbili hapakuwa na kundi la kulinganisha, yaani watu wanaopewa kidonge kitupu au tiba nyingine ili ijulikane ni kiasi gani cha nafuu kimetokana na dawa na kiasi gani kimetokana na matumaini, safari ya mbali na kukaa mahali pasipo na muuza unga.

Sasa tuje kwenye moyo. Kila pigo la moyo ni umeme unaosambaa katika misuli, na baada ya pigo misuli hiyo lazima ijipange upya kabla ya pigo lingine. Kujipanga huko kunategemea potasiamu kutoka nje ya seli kupitia milango midogo, na mmoja kati ya milango muhimu zaidi unajulikana kwa jina la hERG. Ibogaini na noribogaini huuziba mlango huo. Matokeo yake ni kwamba moyo unachelewa kuwa tayari, na ucheleweshaji huo huonekana kwenye ECG, kipimo kinachochora umeme wa moyo, kama kurefuka kwa kipindi kiitwacho QT. Kwa mwanamume mwenye afya kipindi hicho, baada ya kurekebishwa kulingana na kasi ya mapigo, huwa chini ya milisekunde 450, na kikivuka 500 madaktari huingiwa na wasiwasi mkubwa, kwa sababu pigo linaweza kuangukia juu ya misuli ambayo haijajipanga. Hapo moyo huanza kutetemeka badala ya kusukuma damu, mtu hupoteza fahamu, na asipopata msaada wa haraka hufa.

Mwaka 2022 watafiti wa Uholanzi walichapisha matokeo ya waraibu 14 waliopewa ibogaini hospitalini huku mioyo yao ikifuatiliwa saa zote. Kipindi cha QT kilirefuka kwa wastani wa milisekunde 95 pale kilipofikia kilele, nusu ya wagonjwa walivuka 500, na kwa baadhi yao hali haikurudi sawa hata baada ya saa 24. Hakuna aliyekufa, kwa kuwa walikuwa kitandani, wakiwa na vipimo na watu waliojua la kufanya. Fikiria sasa mtu huyohuyo akiwa kwenye nyumba ya kupanga, amelala juu ya godoro, anatapika na kupoteza potasiamu na magnesiamu kwa kila anachotapika, huku anayemwangalia akidhani kimya chake ni utulivu wa maono. Mapitio ya vifo yaliyochapishwa mwaka 2012 yalikusanya watu 19 waliokufa kati ya 1990 na 2008 baada ya kutumia dawa hii, na vifo hivyo vilitokea kati ya saa moja na nusu na saa 76 baada ya kuimeza. Saa 76 ni zaidi ya siku tatu. Mtu anaweza kuwa ameamka, amekula na kuwashukuru ndugu zake, na hatari bado haijaondoka mwilini. Kati ya marehemu ambao uchunguzi wa maiti zao ulikuwa kamili, wengi walikuwa na ugonjwa mwingine, hasa wa moyo, au walikuwa na dawa nyingine za kulevya katika damu.

Jambo linalonisumbua zaidi kwa upande wetu ni mchanganyiko wa dawa. Tanzania ilianza kutoa methadoni katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili mwaka 2011, na Kenya ikafuata miaka michache baadaye, ukiwemo mkoa wa Pwani. Maelfu ya watu wamerudi kazini na kwa watoto wao kwa sababu ya kikombe kile kidogo cha kila asubuhi. Methadoni nayo huuziba mlango uleule wa hERG, kwa kiasi ambacho madaktari wanakijua na kukichunga. Mtu anayekunywa methadoni kisha akaongeza ibogaini, akidhani anaharakisha kupona, anauzibia moyo wake mlango mmoja kwa mikono miwili. Kwinini hufanya vivyo hivyo, na klorokwini pia, na baadhi ya dawa za fangasi na antibiotiki za kawaida. Katika nchi ambako mtu hunywa dawa ya malaria kwa kuhisi tu kwamba ana homa, swali la "umekunywa nini wiki hii?" lina uzito sawa na ECG yenyewe.

Kuna hatari nyingine iliyo kimya, ambayo haihusiani na moyo. Mwili wa mraibu umezoea kiwango fulani cha heroini. Heroini ikikatwa kwa siku chache, mazoea hayo nayo hushuka, na mtu akiteleza akarudi kwenye kipimo chake cha zamani anaweza kuacha kupumua. Hii ndiyo sababu siku na majuma ya kwanza baada ya tiba yoyote ya kuacha ghafla, iwe ya ibogaini, ya jela au ya kufungiwa nyumbani, ni kipindi cha vifo, na ndiyo sababu tiba ya mara moja isiyo na ufuatiliaji inanitia hofu hata pale inapofanikiwa.

Je, hatari ya moyo inaweza kupunguzwa? Dalili zipo. Januari 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha matokeo ya wanajeshi wastaafu 30 wa vikosi maalumu vya Marekani, wote wanaume wenye majeraha ya ubongo yaliyotokana na milipuko na vishindo, waliosafiri hadi Mexico kupewa ibogaini. Kabla ya dawa walichunguzwa moyo, kisha wakapewa magnesiamu kwa mishipa ili kuulinda. Hakuna aliyepata tatizo kubwa la moyo, na mwezi mmoja baadaye dalili za msongo unaofuata kiwewe, sonona na wasiwasi zilikuwa zimepungua kwa zaidi ya asilimia 80 kwa wastani. Ni matokeo makubwa, yanayostahili kufuatwa na utafiti mkubwa zaidi, na jimbo la Texas mwaka 2025 lilitenga dola milioni 50 kwa ajili hiyo. Hata hivyo wale 30 walichujwa kwa uangalifu, hawakuwa na kundi la kulinganisha, na idadi hiyo haitoshi kukamata tukio linaloweza kumpata mtu mmoja kati ya mia.

Wengine wamechukua njia ya kuibadilisha molekuli yenyewe. Maabara ya Chuo Kikuu cha California, Davis, ilitangaza mwishoni mwa 2020 kemikali waliyoiita tabernanthalogi, iliyoundwa kwa kufuata umbo la ibogaini lakini bila kuleta maono na bila kuusumbua moyo kwa kiwango kile, na katika panya ilipunguza tabia ya kutafuta heroini na pombe. Ikifanya kazi kwa binadamu itakuwa ushindi mkubwa. Nitabaki na swali moja kuhusu walichokitupa, kwa kuwa wazee wa Bwiti hawajawahi kuyahesabu maono kuwa madhara ya pembeni.

Gabon haikukaa kimya wakati dunia inaigombania iboga. Ilitangaza mmea huo kuwa urithi wa taifa mwaka 2000, na mwaka 2019 ikasimamisha usafirishaji wake nje, kwa sababu mti uliotakiwa kukua miaka kadhaa msituni ulikuwa unang'olewa na kuuzwa kwenye intaneti, na ukiuchimba mzizi wote mti unakufa. Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa ambao Gabon ni mwanachama wake, inataka faida inayotokana na maarifa na mimea ya watu iwarudie watu hao. Upenyo umebaki: ibogaini inaweza kutengenezwa kutokana na mti mwingine wa Afrika, Voacanga africana, ambao hauna ulinzi huo, na kampuni inaweza kudai kwamba haijagusa kitu cha Gabon ingawa kilichoifanya iitafute ibogaini ni maarifa ya Gabon. Kwangu hilo ni deni, na mikataba ya majaribio inayoandikwa sasa ndiyo mahali pa kulilipa.

Lipo pia deni la kisayansi, na hili linatugusa sisi moja kwa moja. Kimeng'enya cha ini kinachoigeuza ibogaini kuwa noribogaini kinaitwa CYP2D6, kilekile kinachogeuza kodeini kuwa mofini. Utafiti wa New Zealand uliochapishwa mwaka 2015 ulikizuia kwa makusudi kwa dawa ya sonona, na jumla ya ibogaini na noribogaini katika damu ikapanda takribani mara mbili kwa kipimo kilekile kidogo. Kimeng'enya hiki hakilingani kwa watu wote. Mojawapo ya maumbile yake yanayofanya kazi polepole lilielezwa miaka ya 1990 kutokana na damu ya Wazimbabwe, na linapatikana kwa wingi kusini mwa Sahara, wakati Ethiopia kuna watu wengi wenye nakala za ziada za jeni yake ambao kimeng'enya chao hukimbia kuliko kawaida. Kipimo kilichomfaa mwanajeshi wa Marekani aliyechujwa na kupewa magnesiamu hakimwambii lolote la uhakika kijana wa Tanga mwenye kimeng'enya kizito, anayekunywa methadoni kila asubuhi na aliyemaliza dozi ya malaria juzi. Kwa kijana huyo, leo hii, dawa yenye ushahidi ni ile iliyo kwenye kikombe, na akiambiwa kuhusu mzizi wa Gabon, swali la kwanza la kumuuliza anayemwambia ni iko wapi mashine ya ECG.